Poti Chini ya Ngozi na Mkono wa Anayejifunza

Wagonjwa wa saratani wanaoanza tibakemikali huniuliza swali moja ambalo mara nyingi wamelikalia kwa siku kadhaa kabla ya kulitoa: je, aliyeniwekea kidude hiki kifuani alikuwa daktari bingwa, au alikuwa mtu anayejifunza? Huliuliza kwa sauti ya chini, wakati ninapofungua pakiti ya sindano, na huniuliza mimi badala ya daktari kwa sababu wanaogopa kumkwaza. Wengine walimsikia kijana aliyevaa barakoa akielekezwa, "Teremka kidogo, hapo, simama," huku wao wakiwa macho chini ya shuka la upasuaji, maana upasuaji huu mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya sehemu tu, na masikio hayatiwi ganzi.

Nimefanya kazi kwenye pande zote mbili za jambo hili. Kwa miaka kadhaa nilikuwa muuguzi wa vyombo katika chumba cha upasuaji, nikiwakabidhi visu, nyuzi na katheta madaktari bingwa pamoja na wale wanaosomea ubingwa. Kisha nikahamia kitengo cha tibakemikali, ambako kazi yangu ya kila siku ni kuzichoma poti zilezile zilizowekwa kule, wiki baada ya wiki, mpaka matibabu yaishe. Nilipokuwa kule sikujua nini huipata poti baada ya kidonda kufungwa. Nilipofika huku ndipo nilipoanza kuelewa kwamba usalama wake haupimwi siku ya upasuaji peke yake, na kwamba anayeiweka mara nyingi ndiye mtu wa mwisho kupata habari zake.

Kwa asiyeijua, poti ni kikopo kidogo cha titani au cha plastiki ngumu kinachofukiwa chini ya ngozi ya kifua, kikiwa na kiwambo kinene cha silikoni juu yake na mrija laini, yaani katheta, unaotoka ubavuni mwake na kuingia katika vena kubwa hadi karibu na moyo. Dawa kadhaa za saratani huunguza vena ndogo za mikononi, na mgonjwa aliyechomwa mara nyingi hufika mahali ambapo hakuna tena mshipa unaokubali sindano. John Niederhuber na wenzake nchini Marekani walieleza matumizi ya poti kwa wagonjwa wa saratani mwaka 1982. Kabla ya hapo wagonjwa wa matibabu ya muda mrefu walitegemea katheta zilizoning'inia nje ya ngozi, kama ile ya Broviac ya mwaka 1973 na ile ya Hickman ya mwaka 1979, ambazo zilihitaji bandeji na uangalizi wa kila siku. Poti ikishafunikwa na ngozi na kidonda kikapona, mgonjwa huoga, hulala na hufanya shughuli zake bila kitu chochote kuning'inia. Kiwambo chake hutengenezwa kihimili michomo elfu moja au zaidi, mradi itumike sindano ya Huber, ambayo ncha yake imepindwa ili ipenye silikoni bila kung'oa kipande chake.

Katika hospitali nyingi za mafunzo, kuweka poti ni miongoni mwa kazi za mwanzo anazoachiwa daktari anayesomea upasuaji. Sababu zinaeleweka. Hatua zake hazibadilikibadiliki, muda wake ni mfupi, mgonjwa hana haja ya kulazwa usingizi mzito, na wagonjwa wanaohitaji poti hawaishi. Tatizo ni neno "ndogo" linaloambatana nayo kwenye ratiba. Upasuaji unaoitwa mdogo hupangwa mwishoni mwa siku, hupewa chumba cha pembeni na hupewa msimamizi ambaye ana upasuaji mwingine mlango wa pili. Ilhali sindano ya upasuaji huo mdogo hupita umbali wa milimita chache kutoka kwenye kilele cha pafu, kando ya ateri kubwa, na mrija wake huishia mlangoni mwa moyo. Na anayelala mezani si kijana mwenye ngiri; ni mtu ambaye chembe zake nyeupe za damu huenda zimeshuka, chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, huenda ni chache, na ambaye dozi yake ya kwanza imekwisha kupangiwa tarehe.

Njia za kuufikia mshipa ni mbili kuu, na kila moja humfundisha mwanafunzi jambo tofauti. Ya kwanza ni kupasua kwenye mfereji ulio kati ya msuli wa bega na msuli wa kifua, kuitafuta vena ya sefaliki kwenye mafuta yaliyomo humo, kuifungua kwa mkasi mdogo na kupitisha katheta kwa macho. Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna sindano inayoelekezwa upande wa pafu, kwa hiyo hatari ya hewa kuvuja kifuani na kulisinyaza pafu karibu haipo. Ubaya wake ni kwamba vena hiyo kwa baadhi ya watu ni nyembamba mno, na kwa wengine haionekani kabisa.

Nilipokuwa nikisimama pale na vyombo, sehemu niliyoipenda kuitazama ilikuwa utafutaji huo. Daktari anayejifunza huanza kwa kuchimba. Hufungua mafuta huku na huku, damu kidogo huanza kuchuruzika, uwanja hugeuka mwekundu, na kila kinachovuka mbele yake hukifikiria kuwa mshipa. Bingwa mmoja niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu hakuwa akisema neno wakati huo. Angechukua kibanio, akavuta ukingo wa msuli wa bega kwa upole upande wake mpaka mstari mweupe wa utando ujitokeze, halafu akangoja. Mwanafunzi angeuona mstari, angefuata ukingo wake badala ya kuchimba katikati, na vena ingejitokeza ikiwa na rangi yake ya buluu iliyofifia. Bingwa hakushika kisu hata mara moja. Ukisoma ripoti ya upasuaji ule ungeona jina la mwanafunzi kama mpasuaji, na ungekuwa ukweli, lakini usalama wa mgonjwa ulikuwa umekaa kwenye kile kibanio.

Njia ya pili ni ya kuchoma. Hutumia mbinu aliyoieleza daktari wa Uswidi, Sven-Ivar Seldinger, mwaka 1953: sindano huingia kwenye vena, waya laini hupitishwa ndani ya sindano, sindano hutolewa, na mrija hufuata njia ya waya. Vena inayochomwa huweza kuwa ile iliyo chini ya mtulinga au ile ya ndani ya shingo. Zamani wanafunzi walifundishwa kukisia kwa kushika mifupa, na ujuzi huo ulipimwa kwa kiasi fulani cha ushujaa. Mwaka 2002 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilipendekeza kwamba vena ya ndani ya shingo ichomwe kwa kuongozwa na picha ya ultrasaundi inapowekwa katheta ya aina hii kwa hiari na kwa mpango. Tangu nilipoiona mashine hiyo ikianza kutumika chumbani mwetu, sijaona sababu yoyote ya kumwacha anayejifunza achome bila hiyo pale ilipo.

Hata hivyo mashine haijifundishi yenyewe. Kosa la kawaida la anayeanza ni kuiona sindano kama nukta nyeupe kwenye skrini na kuamini kwamba nukta ile ni ncha, kumbe ni sehemu yoyote ya shina lake iliyokatizwa na mawimbi, na ncha imekwisha kwenda mbele zaidi. Msimamizi anayetazama skrini pamoja naye humwambia, "Rudi nyuma, itafute ncha kwanza." Msimamizi anayezungumza kwa simu pembeni hasemi kitu. Ateri ya shingo ikichomwa kwa bahati mbaya unaweza kuikandamiza kwa vidole mpaka damu isimame. Ile iliyo chini ya mtulinga imefichwa na mfupa, na mkono haufiki vizuri. Ndiyo maana sipendi kuona mwanafunzi akianzia chini ya mtulinga kwa sababu tu bingwa wake alizoea hapo.

Katika chumba chetu palikuwa na desturi moja ambayo nadhani iliwaokoa wagonjwa wengi kuliko chombo chochote kipya. Kabla ya kuanza, wakati wa kile kituo cha kutaja jina la mgonjwa, upande wa upasuaji na mizio ya dawa, msimamizi na mwanafunzi walikubaliana kwa sauti mbele yetu sote mwanafunzi ataruhusiwa kuchoma mara ngapi kabla ya kukabidhi sindano. Idadi ilitegemea mgonjwa. Jambo la maana ni kwamba ilitajwa kabla ya mkono kuanza kutetemeka. Mtu aliyechoma na kukosa, akachoma tena na kukosa, hujiambia kwamba sasa amekwisha kuuelewa mshipa, na msimamizi naye huona haya kumnyang'anya sindano mbele ya wauguzi na mgonjwa aliye macho. Namba iliyotajwa mapema humwondolea kila mmoja aibu hiyo. Mimi, ambaye sina cheo cha kumsimamisha daktari, niliweza kusema tu, "Daktari, hiyo ilikuwa ya pili," na sindano ikabadilisha mikono bila ugomvi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, na utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata kutoka hospitali nane katika miji minane ya dunia ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 baada ya orodha hiyo kuanza kutumika, na matatizo ya upasuaji yakishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Nimeona orodha hiyo ikisomwa kwa haraka kama sala ya mtu aliyechelewa basi, hasa kwenye upasuaji mdogo. Kwa poti vipengele vinavyookoa ni vichache na vya kawaida: chembe sahani ni ngapi leo, je, mgonjwa ana homa, saratani ya titi iko upande gani ili poti iwekwe upande wa pili, na dawa ya kuua vijidudu imeachwa ikauke kwenye ngozi kabla ya kukata. Kipengele cha mwisho ndicho wanafunzi hukikiuka zaidi, kwa kuwa kusubiri mbele ya watu wengi huonekana kama kutojua la kufanya.

Waya nao una hatari zake. Ukisukumwa mno hugusa ukuta wa moyo, na mashine ya kufuatilia mapigo huanza kulia kwa mpangilio usio wa kawaida. Dawa ya hapohapo ni kuurudisha nyuma kidogo. Waya usioshikwa na mtu huweza kuteleza wote ndani ya mshipa, na ndiyo sababu muuguzi wa vyombo huuhesabu kama anavyohesabu sindano na pamba. Kisha kuna ule muda mfupi ambapo kitanuzi, yaani kijiti cha kupanua njia, kimetolewa na ala, yaani mrija wake wa nje, iko wazi kwenye vena. Mgonjwa akivuta pumzi kwa nguvu wakati huo, hewa huweza kufyonzwa hadi moyoni. Kichwa huinamishwa chini, kidole huziba tundu, na mgonjwa huombwa ashike pumzi. Mwanafunzi aliyefanya hatua hizi mara nyingi kwenye mwili wa bandia hazifikirii tena, na akili yake hubaki huru kumsikiliza mgonjwa. Watafiti wa Chicago walionyesha mwaka 2009 kwamba madaktari waliofunzwa kwanza kwa njia hiyo kuweka katheta za vena kubwa walichoma mara chache zaidi na kugusa ateri mara chache zaidi walipokuja kwa wagonjwa halisi. Zile hazikuwa poti, lakini sindano, waya na vena ni vilevile.

Baada ya hapo picha ya eksirei ya papo kwa papo huonyesha ncha ya katheta inapokaa. Inatakiwa iwe pale vena kuu ya juu inapokutana na chumba cha juu cha moyo. Ikibaki juu mno, hasa ikiingia kutoka kushoto ambako njia ina kona zaidi, ncha hugonga ukuta wa vena na damu huganda kwa urahisi. Kuna jambo ambalo wanafunzi hulijua baada ya kuambiwa na mtu tu: picha hupigwa mgonjwa akiwa amelala, na akisimama, titi na ngozi ya kifua huvutwa chini pamoja na poti, na ncha hupanda. Kwa mwanamke mwenye matiti makubwa ncha iliyokaa vizuri mezani huweza kuwa juu mno atakapokuwa amesimama.

Sasa nafika kwenye kile ambacho sikukiona nilipokuwa upande ule, ingawa kilitendeka mbele yangu kila mara. Ncha ikishaonekana mahali pake, chumba kizima hupumua. Msimamizi huvua glavu, humwambia mwanafunzi, "Vizuri, malizia mfuko, ufunge," na kuondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Pafu limenusurika, ateri imenusurika, kilichobaki ni kutengeneza nafasi chini ya ngozi, kuitia poti, kuishona kwenye utando wa msuli na kufunga ngozi. Kila mtu hukichukulia kuwa ni ushonaji tu. Kumbe kwa mgonjwa na kwa muuguzi atakayemhudumia, mfuko ule ndio poti yenyewe.

Ninapoichoma poti, kwanza naitafuta kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto, nazishikilia kingo zake, na katikati yao nahisi kiwambo. Poti iliyowekwa vizuri hutulia pale, ngozi juu yake si nene wala si nyembamba, na sindano huingia wima mpaka ncha igonge sakafu ya chuma kwa mguso mdogo ninaoupata kwenye kidole gumba. Iliyofukiwa kwenye mafuta mengi sipati kingo zake. Nabonyeza, mgonjwa anakunja uso, nakisia, na sindano inaweza kuishia pembeni. Iliyowekwa juu mno huonekana ikiwa imevutwa na ngozi iliyong'aa, na siku moja ngozi hiyo hufunguka. Iliyoachwa bila kushonwa hugeuka mgongo juu, na hakuna sindano itakayoingia kwenye chuma. Kisha kuna ile ambayo mshono wa ngozi umepita juu kabisa ya kiwambo, hivyo kila mchomo hupita kwenye kovu, na kovu huuma kuliko ngozi.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayoitwa tatizo la upasuaji siku mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Eksirei ni safi, kidonda ni kikavu, na daktari aliyeiweka amekwisha hesabiwa kuwa amefanya vizuri. Mama mmoja aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi aliniambia, "Sista, wao walisema imekwenda vizuri sana, basi labda mwili wangu ndio mbaya." Poti yake ilikuwa imelala kiubavu ndani ya mfuko uliokatwa mpana kupita kiasi. Mwili wake haukuwa na kosa lolote. Kwa dawa kama doksorubisini, ambayo ikimwagika nje ya mshipa huoza nyama, poti inayosogea chini ya sindano haiwi usumbufu tu. Ndiyo maana kabla ya kuanza dripu lazima nivute na kuona damu ikirudi kwenye bomba, na isiporudi dawa haianzi, hata kama kila mtu ana haraka.

Nilikutana pia na katheta iliyokubali dawa pale tu mgonjwa alipoinua mkono juu ya kichwa. Wauguzi wapya huweza kulichukulia hilo kama ujanja mzuri wa kazi na kuendelea. Ni dalili ya kutafutiwa jibu. Katheta iliyopitishwa karibu mno na mfupa wa katikati ya kifua huweza kubanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, na kila mkono unaposogea hukatwa kidogo kidogo, mpaka siku moja ikatike na kipande chake kibebwe na damu hadi moyoni au kwenye mishipa ya mapafu. Mgonjwa huyo alipelekwa kupigwa picha, katheta ikaonekana imebanwa, ikatolewa ikiwa bado nzima. Aliyeiweka alikuwa amekwisha hamia idara nyingine ya mafunzo yake. Sidhani kama kuna mtu aliyemwambia.

Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika suala la usalama wa wanaojifunza. Daktari anayesomea ubingwa hukaa kwenye kitengo miezi michache, huweka poti kadhaa, kisha huhama. Hewa iliyovuja kifuani ataisikia, kwa kuwa hutokea saa chache au siku chache baadaye na bingwa hupigiwa simu. Mfuko mpana, mshono juu ya kiwambo, ncha iliyopanda, mshipa ulioganda mwezi wa tatu, vyote hivyo hujitokeza akiwa kwingine. Anarudia mshono uleule kwa mgonjwa wa kumi akiamini ni mzuri, kwa kuwa hajapata kuambiwa kinyume.

Kwenye kitengo chetu tulianza na daftari la kawaida. Kila poti mpya ilipochomwa mara ya kwanza, muuguzi aliandika mambo manne: kama kingo zinahisika, kama kovu liko mbali na kiwambo, kama damu inarudi, na kama mgonjwa ameumia kuliko kawaida. Daftari lilipelekwa kwa bingwa wa upasuaji kila mwisho wa mwezi. Miezi ya mwanzo lilipokelewa kwa ubaridi, kwa sababu lilionekana kama mashtaka ya wauguzi dhidi ya madaktari, na nakubali kwamba baadhi ya wenzangu waliliandika hivyo. Lililobadilisha hali ni pale bingwa yule wa kibanio alipoamua kwamba kila daktari anayeanza kujifunza poti kwake atumie kwanza asubuhi chache nasi, akizichoma poti zilizowekwa na wengine.

Nakumbuka mmoja wao, daktari mpole mwenye mikono mizuri, akiwa ameinama juu ya mzee ambaye poti yake ilikuwa ndani sana. Alitafuta kingo kwa vidole, akabonyeza, akaniangalia, akabonyeza tena. Mzee akamwambia, "Usiogope mwanangu, hata sista huwa anahangaika." Daktari alisimama wima, akaniuliza kiwambo kinatakiwa kiwe ndani kiasi gani, na nilimwonyesha kwa kidole kwenye poti ya mgonjwa wa kiti cha pili, ambaye alikubali. Nilisikia kutoka kwa wenzangu wa chumba cha upasuaji kwamba baada ya siku zile, kabla ya kufunga mfuko, alikuwa akiishika poti kupitia ngozi kwa vidole vitatu kama anayetaka kuichoma, na akiona ngozi ni nene mno aliyapunguza mafuta kwanza.

Ripoti kadhaa zilizochapishwa na hospitali za mafunzo zimelinganisha poti zilizowekwa na wanaosomea ubingwa na zile zilizowekwa na mabingwa, na picha inayojirudia ni kwamba palipo na usimamizi wa kweli matatizo hayapishani sana, ila muda wa upasuaji wa mwanafunzi huwa mrefu zaidi. Naamini matokeo hayo, kwa sababu yanafanana na niliyoyaona. Lakini nayasoma kwa tahadhari. Mgonjwa mnene, mwenye shingo fupi, mwenye damu isiyoganda vizuri au aliyewahi kuwekewa katheta nyingine hupelekwa kwa bingwa, na mwepesi huachiwa mwanafunzi. Makundi hayo mawili hayakuanza sawa. Isitoshe, kinachohesabiwa mara nyingi ni kile kinachoingia kwenye faili la upasuaji. Maumivu ya yule mama hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Kwa hiyo mgonjwa anaponiuliza ni nani aliyemwekea, namwambia nilijualo: huenda alikuwa anajifunza, na ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi, na swali lenye faida zaidi ni nani atakayesimama mezani pamoja naye na mpaka hatua gani. Wengi hupokea jibu hilo vizuri kuliko madaktari wanavyodhani. Wanachokasirikia ni kugundua baadaye, kwa kusikia maelekezo chini ya shuka. Daktari mwanafunzi anayejitambulisha kwa jina, akasema, "Nitafanya mimi, na daktari bingwa atakuwa kando yangu mpaka mwisho," huwa ameondoa nusu ya hofu, ilimradi sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo iwe kweli.

Limebaki suala la kuitoa. Matibabu yakiisha, kazi hii hupewa mdogo kuliko wote, mara nyingi bila msimamizi chumbani, kwa kuwa inaonekana kama kufungua tu kilichofungwa. Kwa wagonjwa wengi ni rahisi kweli. Kwa wachache, hasa waliowekewa wakiwa watoto au waliokaa nayo miaka mingi, katheta hushikamana na ukuta wa vena, na anayeivuta kwa nguvu huweza kuikata na kubakiza kipande ndani. Hapo mkono unatakiwa usimame kwenye ukinzani wa kwanza na bingwa aitwe, hata kama ni upasuaji wa dakika kumi. Ili hilo lifanyike vizuri, urefu wa katheta iliyobaki ndani ya mwili siku ya kuweka unatakiwa uwe umeandikwa kwenye karatasi ya upasuaji, pamoja na vena iliyotumika, ncha ilipokaa, jina la aliyeiweka na la aliyemsimamia, ili siku ya kuitoa mrija upimwe kwa rula juu ya meza ya vyombo na tarakimu zilinganishwe kabla mgonjwa hajafungwa kidonda.